Kabla ya Kuingia Porini na Mbwa



Mvua zikishakatika na mavuno kuingia ghalani, familia nyingi za huku Tura hupata siku moja ya kwenda porini pamoja. Baba anataka kukagua mizinga, mama amefunga matobolwa na karanga, watoto wanataka kupanda vilima vya mawe. Na mbele ya wote anakimbia mbwa. Matembezi ya namna hii ni mazuri. Mwili hupata mazoezi, watoto hujifunza majina ya miti, na wazazi hupata nafasi ya kuzungumza nao. Sina neno na matembezi. Neno langu ni juu ya huyo mbwa.

Mababu zetu walijua maana ya kujiandaa. Misafara iliyotoka pwani ilivuka kwanza Mgunda Mkali, pori lenye maji machache, ndipo ikafika Tura, mlango wa Unyamwezi. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857 pamoja na wapagazi wao. Mpagazi mwenye akili hakuingia pori lile na kibuyu kitupu. Lakini sisi twaingia porini na watoto wetu, na mbwa tunayefuatana naye hajachanjwa.

Huko mbwa hukutana na mbweha, nguchiro, na mbwa wasio na mwenyewe. Akiumwa na mnyama mwenye kichaa, jeraha dogo lililofichwa na manyoya latosha. Baada ya wiki kadhaa, au hata miezi, mbwa aliyekuwa mpole hubadilika tabia, hutokwa mate na kuuma ovyo. Mtoto ndiye anayecheza naye, basi yeye ndiye aliye karibu na meno yake.

Yafaa tuseme wazi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kama vile kuogopa maji na kuweweseka, karibu wagonjwa wote hufa, hata wakiwa katika hospitali kubwa. Lakini kabla ya dalili kinazuilika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya wagonjwa huambukizwa na mbwa, na kwamba wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Wapo wasemao, "Mbwa ni wa kulinda tu, sindano ya nini?" Wengine husema fedha hakuna. Hebu tuhesabu pamoja. Mbwa huchomwa sindano moja, kisha hurudiwa kwa muda anaopanga bwana mifugo. Pengine chanjo hutolewa bure, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mtoto aliyeumwa huhitaji sindano kadhaa kwa siku mbalimbali, na kila mara kuna nauli na kazi iliyosimama. Anayeona chanjo ya mbwa ni hasara hajahesabu sawasawa.

Ikitokea mtu ameumwa, au mate ya mbwa yameingia kwenye mchubuko, fanyeni hivi:

1. Osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kwa hiyo, bebeni sabuni na maji ya akiba.

2. Msipake majivu, pilipili wala dawa ya mizizi.

3. Nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama chanjo haipo, ulizeni ilipo mwende huko. Msisubiri dalili.

4. Malizeni sindano zote. Zile za tumboni walizoziogopa wazee zimepitwa na wakati. Siku hizi huchomwa mkononi, na watoto wadogo pajani.

5. Mwarifuni bwana mifugo habari za mbwa huyo.

Lakini mbwa wako mmoja hatoshi, maana wa jirani naye hutembea. Katika mkutano wa kijiji tuombe bwana mifugo apange siku ya chanjo, kisha tuwapeleke mbwa wetu wote.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Hii inayo. Mzazi, kabla hujafunga matobolwa ya safari, jiulize: je, mbwa wetu amechanjwa? Kama bado, mfungeni abaki nyumbani hadi atakapopata sindano yake.