Nakala Moja Yatosha

Wazee waliopata kufanya kazi katika masjala za Serikali hapa Visiwani wanakumbuka vyema jinsi barua ilivyokuwa ikipokewa. Ilipofika ilipigwa muhuri wa tarehe, ikapewa namba, ikafungwa ndani ya jalada linalohusika, na jalada hilo ndilo lililokwenda chumba hadi chumba likibeba maoni ya kila afisa kwa mwandiko wake. Karani wa masjala alikuwa na kadi iliyoonyesha jalada liko kwa nani na tangu siku gani. Mkubwa akilitaka aliletewa hilo hilo, kwani la pili halikuwapo.

Watu walilalamika sana juu ya masjala, na malalamiko yao mengi yalikuwa ya haki. Majalada yalilala mezani, na mengine yalipotea kabisa. Lakini hatujapata kusikia kwamba maafisa watano walikaa katika mkutano mmoja, kila mmoja na jalada lake, na hesabu za majalada hayo zikakataa kulingana. Hilo tumeletewa na barua pepe.

Tunasema hivyo kwa sababu limekwisha kutokea. Katika ofisi moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, kikao cha kupitia makadirio ya matumizi kilipoteza asubuhi nzima kwa kuwa wajumbe walifika na karatasi zinazotofautiana. Hapana aliyekuwa mwongo miongoni mwao. Kila mmoja alichapisha kile alicholetewa. Aliyetayarisha makadirio aliyapeleka kwa wote yakiwa yameambatishwa kwenye barua pepe. Wawili wakayasahihisha, kila mmoja kwa wakati wake, wakayarudisha kwa wote. Wa tatu akaisahihisha nakala ya mwanzo bila ya kujua kuwa imekwisha kupitwa. Kufikia siku ya kikao palikuwa na faili iitwayo "ya mwisho", nyingine "ya mwisho hasa", na nyingine tena "ya mwisho hasa 2". La kusikitisha ni kwamba ofisi hiyo inayo hifadhi ya pamoja ya faili, iliyonunuliwa kwa fedha za umma, na kila mtumishi anaweza kuifungua akiwa mezani pake.

Nasi tusijitoe. Gazeti hili limepata kuchapa makala yenye makosa ambayo mhariri alikwisha kuyaondoa, kwa kuwa mpangaji wa kurasa alichukua kiambatisho cha jana badala ya cha leo.

Kiambatisho si kitu chepesi kama kinavyoonekana. Utaratibu wa kuambatisha faili tunaoutumia hadi leo uliwekwa mwaka 1992. Kwa kuwa barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi tu, picha au jedwali la hesabu hubidi ligeuzwe kuwa herufi kabla ya kusafiri, na katika kugeuzwa huko kila baiti 3 huwa 4. Faili ya megabaiti 9, basi, hufika na uzito wa megabaiti 12. Ikipelekwa kwa watumishi 30 yanakaa masandukuni mwao megabaiti 360, bila ya kuhesabu nakala inayobaki kwa mpelekaji, wala zile ambazo kila mpokeaji huziweka tena katika kompyuta yake ili zisimpotee.

Wapo wanaodhani kwamba mashine yenyewe itaona kuwa faili ni moja na kuihifadhi mara moja tu. Zamani baadhi zilifanya hivyo. Programu ya Exchange ya kampuni ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1996, ilikuwa na uwezo huo, lakini toleo la mwaka 2010 liliachana nao, kwani diski zilikuwa zimeshuka bei na watengenezaji wakaona kasi ni bora kuliko nafasi. Ni kweli kwamba diski ni rahisi. Kama hoja ingekuwa diski peke yake, tusingeipa nafasi hii.

Hoja yetu ni kwamba serikali hufanya kazi kwa karatasi iliyokubaliwa, na isipojulikana ipi ndiyo iliyokubaliwa, mwananchi ndiye anayeumia. Agizo la dawa likiwa na nakala tatu, hospitali hupokea iliyomfikia mtunza bohari. Orodha ya walimu wa kupelekwa skuli za shamba ikiwa na nakala nne, kuna mwalimu atakayefungasha mizigo yake bure. Tena kiambatisho kikishatoka hakirudishwi. Afisa akihamishwa au akiacha kazi huondoka nacho, ambapo aliyepewa njia ya kuifungua faili katika hifadhi anaweza kufungiwa njia hiyo siku ile ile.

Inafaa kukumbusha hapa lile neno la nakala tunalolikuta katika kila barua pepe, mahali pa kuandika majina ya wale ambao barua hawakuandikiwa wao hasa. Asili yake ni karatasi ya kaboni. Mpiga chapa aliweza kutoa nakala nne au tano kwa pigo moja, na ya mwisho ilikuwa hafifu hata haisomeki vizuri. Kwa hiyo mkubwa alifikiri kwanza nani hasa anastahili kupewa. Leo kidole kimoja kinawapelekea watumishi 200, na hakuna anayejiuliza kama hata kumi watasoma.

Dawa yake inajulikana. Faili ikae mahali pamoja katika hifadhi, iwe na mtumishi mmoja aliyekabidhiwa dhamana yake, na barua pepe ibebe kiungo cha kuifungulia tu. Anayesahihisha asahihishe hapo hapo. Hifadhi nyingi za siku hizi huweka kumbukumbu ya nani kabadili nini na saa ngapi, kama ile kadi ya karani wetu. Jina la faili libebe tarehe, na neno "mwisho" lipigwe marufuku. Mpelekaji ahakikishe kwamba aliowapelekea wamepewa ruhusa ya kufungua, kwani kiungo kisichofunguka ndicho kinachowarudisha watu kwenye viambatisho. Kwa sababu hiyo hiyo, faili ikishawekwa isihamishwe ovyo. Waraka uliokwisha kutiwa saini na kupelekwa nje ya ofisi ni jambo jingine, na huo unaweza kuambatishwa bila ya lawama.

Wenzetu wa Pemba wana hoja yao, nasi tunaikubali. Mtandao kati ya ofisi za Chake Chake na hifadhi iliyoko Unguja ukiwa mzito, afisa aliyeletewa kiungo hukaa akiitazama duara inazunguka, ilhali kiambatisho kingekwisha kumfikia. Isitoshe, wengi hawajasahau kwamba mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme wa gridi, na tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Mtu aliyepitia siku zile halaumiwi akitaka kuwa na nakala yake mkononi. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kuweka katika ofisi ya Afisa Mdhamini hifadhi ya pili, inayojilinganisha na ya Unguja kila usiku mtandao unapokuwa mwepesi. Hizo zitakuwa nakala mbili zinazojulikana zilipo. Nakala sitini zilizotawanyika haziwezi kumsaidia mtu siku ya dhiki, kwani hapo kwanza atabidi aulize ipi ni ipi.

Wakubwa wa ofisi, kwa heshima zote, ndio wenye ufunguo wa jambo hili. Karani hawezi kumpelekea Mkurugenzi kiungo ikiwa Mkurugenzi mwenyewe amezoea kusema "niambatishie". Tunafahamu kwamba baadhi yao hawajapata kuonyeshwa jinsi ya kuifungua hifadhi hiyo na wanaona haya kuuliza. Nusu saa na kijana wa kompyuta ingetosha, na mlango unaweza kufungwa.

Wanaokwenda kusoma katika jengo la Nyaraka pale Kilimani hukuta barua za ubalozi wa Kiingereza wa karne ya 19, na wanaweza kufuata shauri moja tangu barua ya kwanza. Shauri la mwaka huu lingefuatwaje, ikiwa limekaa vipande vipande katika masanduku ya barua pepe ya watu ambao watastaafu na masanduku yao kufutwa?

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na rasimu za makadirio huanza kuzunguka maofisini miezi mingi kabla ya hapo. Tungependa kila Katibu Mkuu atoe waraka wa ukurasa mmoja kabla rasimu ya kwanza haijatoka, akitaja hifadhi gani itatumika na nani amepewa dhamana. Waraka wenyewe uwekwe humo, na watumishi wapelekewe kiungo chake.