Mtoto akisema: «Miye siamini tena»



Mwezi huu tuzungumze juu ya neno ambalo wazazi wengi wanaona haya kulitaja mbele ya kanisa. Mtoto amekomalia katika masomo ya siku ya Mungu, ameimba katika korale, amepata diplome, ameenda kusoma Kasapa. Siku moja anasema: «Mama, miye sisali tena. Siamini kama Mungu iko.» Pale pale nyumba inawaka moto. Baba anajibu: «Mu nyumba yangu, hapana!» Wengine wanakata minerval. Wengine wanamwita ndoki. Wengine wanampeleka kwa watu wa kufukuza pepo na kumlazimisha kufunga siku nyingi. Kisha tunashangaa kwamba mtoto amekimbia nyumbani, na pengine ameangukia kwenye mashimo ya kuchimba bila mtu wa kumwangalia.

Ndugu zangu, tusikilize kwanza mbele ya kujibu. Wasioamini si wa namna moja. Kuna anayesema Mungu hayuko kabisa. Kuna anayesema mwanadamu hana njia ya kujua kama yuko ao hayuko. Huyo anaitwa agnostiki. Na kuna mwingine aliyekasirika tu na sisi wachungaji juu ya feza na matoleo, lakini usiku, peke yake, angali anaomba. Ukiwajibu wote watatu kwa jibu moja, ni sawa na daktari anayetoa dawa moja kwa kila mgonjwa.

Tena tusiseme kwamba jambo hili ni la Wazungu tu. V.Y. Mudimbe alikuwa mtu wa kwetu. Alizaliwa mwaka 1941 huko Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville. Alilelewa na mapadri tangu utoto, akaingia kwa wamonaki Wabenedikto katika Rwanda, kisha akatoka. Katika miaka ya 1970 alifundisha hapa Lubumbashi kwenye université. Mwaka 1973 alitoa kitabu Entre les eaux, habari ya padri aliyevutwa huku na kanisa, kule na mapinduzi. Baadaye alikwenda kufundisha Marekani, na huko alikufa mwezi wa ine wa mwaka 2025. Alijiita agnostiki. Aliwauliza wamisionere maulizo makali, tena mengine yalistahili kuulizwa. Lakini alipoandika habari ya maisha yake katika mwaka 1994, aliyaita bustani ya kiafrika kwa namna ya Wabenedikto. Imani aliiacha, malezi hakuyakana. Mzazi unayelia, ukumbuke hili: yale uliyopanda ndani ya mtoto hayatoki yote siku moja.

Tuangalie sasa majirani wetu wa Kenya. Mwaka 2016 shirika la wasioamini liliandikishwa na serikali, na katika mwaka ule ule serikali ikalisimamisha, ikisema linaweza kuharibu amani. Lakini shirika halikufa. Mwaka 2021 mwandishi wake, Seth Mahiga, alitangaza mbele ya kanisa kwamba amempata Yesu Kristo na kwamba anaacha kazi yake. Wakubwa wa shirika walifanya nini? Walimshukuru kwa kazi aliyofanya, wakamtakia heri katika njia yake mpya na Yesu, wakaanza kutafuta mwandishi mwingine. Hapakuwa na matusi. Wakristo wengi walifurahia habari ile, nami pia. Lakini tujiulize: kijana wetu wa korale akitoka kwa kutokuamini, sisi tunamwaga namna gani? Wasioamini wasitupite kwa adabu.

Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika artikle ya 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa zamiri na wa dini. Neno la Mungu lilitangulia sheria hiyo. Petro, katika barua yake ya kwanza, sura ya 3, anatufundisha kuwajibu wanaotuuliza juu ya tumaini letu, lakini kwa upole na heshima. Tomaso naye alipokuwa na mashaka, wenzake hawakumfukuza. Juma moja baadaye angali katikati yao, na ni pale Bwana alimkuta. Kama wangalimfunga mlango, angalikuwa wapi siku ile?

Kwa hiyo, baba na mama, bukari ya mtoto isikatwe juu ya imani, wala masomo yake. Mwulize: «Ni kitu gani kilikufikisha pale?» Kisha unyamaze mpaka amalize. Kama hujui jibu, sema hujui. Usimlazimishe ubatizo ao meza ya Bwana. Hapo utamfundisha uongo tu. Ombeni kwa ajili yake, lakini sala ya jioni isigeuke kuwa mahubiri ya kumchoma.

Na wewe kijana usiyeamini, ukiwa unasoma gazeti hili nyumbani, nawe uko na deni. Mama akiomba juu ya chakula, ngoja tu. Kunyamaza si kuamini, ni heshima. Kwenye kilio usianze mabishano: pale watu wanashikana mikono ili wasianguke. Usicheke wimbo uliomsimamisha nyanya yako wakati mishahara ya Gécamines ilikosekana miezi na miezi. Sema ukweli wako polepole, na ukubali kuulizwa pia. Mtu anayetaka kusikilizwa naye asikilize.

Mabishano yanaweza kushindwa na upande mmoja, lakini mtoto akipotea, nyumba nzima imeshindwa. Mlango wa nyumba ukae wazi. Mungu hahitaji sisi tumlinde kwa fimbo.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Nyumbani mwetu, mtoto anaweza kusema mashaka yake bila woga?
2. Nani ameacha kusali kati yetu, na tulimtembelea lini?
3. Ni neno gani tulilomwambia ambalo tungepaswa kumwomba musamaha?

Amani ya Kristo ikae nanyi mpaka mwezi ujao.