Ambulansi bila ngazi ni motoka tu

Ndugu na dada zetu, vijana wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Lubudi, wa Mutshatsha, na wewe mwenye unasoma hii ukiwa mbali na nyumbani,

Kuko jioni moja hatutaisahau. Tulikuwa tunatoka kwenye mkutano wetu, tuko wanane, tunatembea kando ya barabara. Lori ikagonga pikipiki mbele ya macho yetu. Dereva wa pikipiki, kijana wa rika letu, akaanguka karibu na mtaro. Alikuwa anaongea. Aliomba maji, akamuita mama yake. Watu wakajaa, na kila mtu akawa na sheria yake. "Musimuguse!" "Mumubebe tu, atakufa hapa!" "Nani eko munganga?" Hakuna aliyejibu. Basi tukamnyanyua sisi, wawili mikono, wawili miguu, kichwa kinaning'inia, tukataka kumkalisha juu ya pikipiki nyingine katikati ya watu wawili.

Hapo ambulansi ikafika, na watu wakapiga makofi. Ndani mlikuwa mtu mmoja tu, amevaa jile yenye msalaba mgongoni. Yeye ndiye shofere, yeye ndiye mwokozi. Alifungua mlango wa nyuma, tukamlalisha kijana, mlango ukafungwa. Wawili wetu tukakaa nyuma naye, tumemshika mkono, chupa ya oksijeni iko juu ya kichwa chetu, hakuna anayeigusa.

Kwenye kiwanja cha hospitali yule shofere alituambia polepole: "Bandugu, mi niko shofere. Banatufundisha siku mbili tu. Ile oksijeni minajua kuifungula, lakini hakuna mwenye aliniambia kama niko na ruhusa. Akikufa na mi niliigusa, batasema ni mi nilimuua."

Kijana aliishi. Miguu yake haitembei tena. Na sisi, mpaka leo, hatujui kama mgongo ule ulivunjwa na lori, ao ulivunjwa na mikono yetu wakati tulimbeba kama gunia.

Hatuandiki hii ili kumtafuta mwenye kosa. Yule shofere si mtu mubaya, na sisi hatukuwa wabaya. Tunaandika kwa sababu usiku ule, kati ya watu karibu hamsini, hakuna hata mmoja aliyejua mambo mawili: nini anaweza kufanya, na nini ni mwiko kwake kufanya. Ndiyo hoja yetu yote leo. Mji wetu unahitaji ngazi za watu wa uokoaji wa haraka: mafunzo yenye kujulikana, karatasi yenye kujulikana, na mipaka ya kazi yenye kujulikana.

Tunaishi wapi? Tunaishi mahali ambapo ajali si habari mpya. Tarehe 20 Februari 2019, kijijini Kabwe, kwenye barabara ya kuja Kolwezi, lori lenye kubeba asidi ya salfuri liligongana na magari ya abiria. Walikufa watu wasiopungua 18, wengine wakiwa wamenaswa ndani ya gari huku asidi inamwagika. Miezi minne kisha, tarehe 27 Juni 2019, udongo uliwaangukia wachimbaji ndani ya mgodi wa KCC hapa Kolwezi, wasiopungua 43 wakafa. Tarehe 15 Novemba 2025, kule Kalando, daraja la wachimbaji lilianguka chini ya watu waliokuwa wanakimbia, wasiopungua 32 wakafa. Hizo ni ajali zilizotangazwa na dunia nzima. Zile za kila juma, za mtu mmoja, wawili, hakuna anayezihesabu.

Sasa fikirieni lile lori la asidi. Shaba na kobalti yetu inahitaji asidi ili itoke ndani ya jiwe, kwa hiyo malori hayo yatapita tena kesho. Mtu akimwagiwa asidi, kitu cha kwanza si pomada wala si mafuta. Ni kumwondoa mahali pale bila wewe mwenyewe kuungua, kumvua nguo zilizolowa, na kumwagia maji mengi, kwa muda mrefu, bila kuacha. Hii haiombi diploma ya munganga. Inaomba mtu aliyefundishwa, na aliyeambiwa wazi: hii ni kazi yako, ifanye.

Tazameni wauguzi wetu. Kila mama wa Manika ao wa Dilala anajua herufi zao. Kuko A3, kuko A2 anayetoka ITM, kuko A1 anayetoka ISTM, kuko A0. Tangu 2016 wako na Ordre yao kwa sheria. Ukimwona A2 unajua alisoma nini, na yeye anajua wapi atamwita mkubwa wake. Ngazi ile haikamiliki, matatizo ni mengi, lakini iko. Tafuteni juu yake herufi ya mtu wa ambulansi. Haimo. Anayekaa nyuma ya ambulansi anaweza kuwa A1 mwenye miaka kumi ya urgence, anaweza kuwa volontere aliyesoma siku mbili, anaweza kuwa shofere peke yake. Motoka ni nyeupe ileile, king'ora ni kilekile, na wewe unayelala ndani hutajua ni nani anakushika.

Kukosa ngazi kunazaa magonjwa mawili. La kwanza ni woga: mtu anajua, lakini haguse, sababu hakuna karatasi ya kumlinda. Hilo tuliliona. La pili ni ujasiri wa bure: mtu hajui, lakini anagusa, anatia serumu, anapiga sindano, sababu hakuna karatasi ya kumzuia. Hilo nalo tunaliona katika kartiye zetu. Mipaka ya kazi inaponya yote mawili. Inamwambia wa kwanza: "endelea, hii ni haki yako." Inamwambia wa pili: "simama hapo."

Na si jambo la kubuni sisi. Afrika Kusini, watu wa ambulansi wanaandikishwa kwenye baraza la kazi za afya, HPCSA, kila mtu kwa daraja lake. Leo kuko masomo ya mwaka 1, ya miaka 2 na ya miaka 4, na kila daraja liko na orodha yake: dawa hizi unaweza kutoa, hizi hapana. Marekani wako na madaraja manne, kutoka mtu wa kwanza kufika mahali pa ajali mpaka yule wa juu kabisa. Rwanda, jirani yetu, walianzisha SAMU yao mwaka 2007, na mtu akipiga 912 anajua anaita nani.

Hapa kwetu ngazi inaweza kuwa rahisi, hata mtu asiyemaliza shule aielewe.

Ngazi ya kwanza ni mtu wa mahali pale: mchimbaji, dereva wa pikipiki, mama wa soko, mwalimu. Anajua kuzuia damu kwa kukandamiza kidonda kwa nguvu, kusukuma kifua cha mtu ambaye moyo umesimama, kumlaza vizuri aliyepoteza fahamu, kuosha asidi, kutomkunja mtu aliyeumia mgongo. Sindano ni mwiko kwake. Dawa ni mwiko kwake.

Ngazi ya pili ni mtu wa ambulansi. Pamoja na yote ya kwanza, anatoa oksijeni, anafunga mfupa uliovunjika, anakinga shingo, anapima presha, anasaidia mama anayezaa njiani. Shofere awe shofere, na yeye awe nyuma na mgonjwa. Watu wawili, si mmoja.

Ngazi ya tatu ni muuguzi aliyeongeza masomo ya urgence. Anatia serumu, anatoa dawa zilizoandikwa kwenye orodha, na munganga anajibu simu yake. Ngazi ya nne ni munganga mwenyewe, ao mtu aliyesoma miaka mingi kwa kazi hiyo: mrija wa kupumulia, dawa kali za maumivu, maamuzi mazito.

Hakuna ngazi ya aibu hapo. Damu inayomwagika haingoji ngazi ya nne ifike.

Tunajua wengine watasema: "Muko natafuta tena karatasi? Inchi hii karatasi ni njia ya kukula makuta." Tunasikia, na tunaogopa vilevile. Kuko hadithi ya kweli inayofundisha pande zote mbili. Mji wa Pittsburgh, Marekani, kabla ya 1967, mgonjwa wa mtaa wa watu weusi alibebwa na motoka ya polisi ao ya kubebea maiti. Mwaka ule ikaanza Freedom House Ambulance. Munganga Peter Safar akachukua vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengi hawakuwa na kazi, wengine hawakumaliza shule, akawafundisha masaa karibu 300. Wakawa kati ya watu wa kwanza kabisa Marekani kutunza mgonjwa ndani ya ambulansi kwa ujuzi wa kweli. Kisha 1975 mji ukachukua kazi ile mikononi mwao, na wengi wa vijana wale wakasukumwa nje kwa mitihani na masharti mapya.

Masomo yaliwapandisha, na masharti yakawatupa. Kwa hiyo hatuombi mlango wenye mlinzi wa kudai makuta. Tunaomba ngazi: mtu aingie chini bila malipo, na apande kwa kusoma na kwa miaka ya kazi. Volontere wa Croix-Rouge ambaye anatoa watu kwenye matope leo asiambiwe kesho kwamba si mtu, sababu hana diploma ya Serikali. Ajaribiwe, apewe daraja lake, afundishwe mengine.

Wengine watasema: sheria za afya zinatoka Kinshasa, Lualaba haiwezi kubuni diploma. Ni kweli, diploma ya taifa na sheria ya kazi vinatoka kule. Lakini jimbo linaweza kukataa kuweka mafuta ndani ya ambulansi isiyokuwa na mtu aliyefundishwa. Jimbo linaweza kufungua buku la majina. Jimbo linaweza kupeleka pendekezo Kinshasa likiwa limeandikwa tayari, pamoja na hesabu zetu wenyewe.

Na makuta? Kodi mine ya 2018 inasema wazi: redevanse ya madini, asilimia 25 ni ya jimbo, 15 ni ya miji, komini na wenyeji pale mgodi uko. Juu yake, kila kampuni inaweka kando angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Tunaona picha nzuri: ambulansi mpya, ribon, funguo, makofi. Hatujaona picha ya watu kumi na wawili wanaomaliza mafunzo ya kukaa ndani yake. Motoka inapigwa picha vizuri. Ujuzi haupigwi picha. Lakini ni ujuzi unaomshika mtu mkono saa nane za usiku.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

1. Serikali ya jimbo na Division ya afya waandike, pamoja na wauguzi, waganga, Croix-Rouge, makampuni na wachimbaji, ngazi za watu wa uokoaji na mipaka ya kila ngazi, kisha wazipeleke kwa Waziri wa afya Kinshasa zitiwe sahihi.

2. Kila ambulansi inayotembea Lualaba, ya Serikali ao ya kampuni, iwe na mtu wa ngazi ya pili nyuma, tofauti na shofere. Jina na daraja viandikwe juu ya jile yake, kwa lugha tunayosoma.

3. Sehemu ya makuta ya maendeleo ya migodi iende kwenye mafunzo ya ngazi ya kwanza, bila malipo, kwenye machimbo, kwenye parking za pikipiki, na kwenye vijiji vya barabara ya malori.

4. Mtu anayesaidia ndani ya mipaka ya ngazi yake alindwe na sheria, hata kama mgonjwa anakufa. Yule shofere asiogope tena.

Sisi wenyewe hatutangoja sahihi. Kila mmoja wetu katika harakati hii atasoma ngazi ya kwanza, na tutaanza na wale wanane wa jioni ile.

Na wewe, kazi yako ni hii. Ukiona ambulansi kwenye kartiye yako, uliza kwa heshima maswali matatu: Yaya, nani anakaa nyuma? Alifundishwa nini, na nani alimtilia sahihi? Ana ruhusa ya kufanya nini? Tuandikie majibu. Tutayaweka pamoja, tutayapeleka kwenye ofisi ya jimbo, na tutarudi kukuambia walitujibu nini.

Vijana wa harakati, Kolwezi