Sheria yenye kunyima feza inafunga maskini tu



Mimi ni delege wa sendika mu kampuni moja ya migodi hapa Kolwezi. Sikusoma sheria. Nilimaliza sekondari tu, na kazi yangu ni kuchunga mushahara na afya ya wafanyakazi wenzangu. Leo ninaandika juu ya jambo lenye watu wa kwetu wanalisemea chini-chini: kutosha mimba. Sitabishana hapa kama ni zambi ao hapana. Hiyo mapadri na wapasta wanaisema kila siku ya Yenga. Mimi ninaongea juu ya feza: nani analipa, nani anakatala kulipa, na nani anaumia kati-kati.

Neno hili lilianzia ku mukutano wetu. Tuko na sanduku la kusaidiana, kila mumoja anatia franka kidogo kila mwisho wa mwezi. Sanduku lile lilikuwa limelipa hospitali kwa binti wa kamarade mumoja wa sutretansi. Mutoto wa miaka 16. Mwanaume alimukamata kwa nguvu magaribi, wakati alikuwa anatoka kuteka mayi. Mimba ikaingia. Mama yake alimupeleka ku kituo cha afya, na mama mwenye kutunza wagonjwa pale akamuambia kweli: «Sheria inakubali, mama, lakini hapa hatuna dawa, hatuna vyombo. Na kule kwenye biko, banaomba dolari.» Baba alikuwa na kontra ya miezi tatu, bila matunzo yoyote ya hospitali. Wakaenda kwa mutu wa miti. Siku ya tatu, damu ilianza kutoka na haikusimama. Waganga walimuokoa, lakini walitosha kizazi. Mutoto ule hatazala tena mu maisha yake.

Ku mukutano, kamarade mumoja akasimama. Ni mutu wa heshima, mutumishi muzuri, hajakosa kulipa hata mwezi moja. Akasema: «Miye niko mukristo. Franka yangu haiko ya kulipa mambo ya kutosha mimba. Mungeniuliza mbele.» Wengine wakapiga mikono. Mimi delege, nilikosa jibu. Nilisema tu kwamba sanduku lililipa damu, halikulipa mimba. Ilikuwa jibu la kukimbia. Makala hii ndiyo jibu lenye nilipashwa kutoa siku ile.

Kamarade wetu hakujua, lakini neno lake, «hapana na feza yangu», ndilo lilijenga sheria kubwa mbili za Marekani. Na moja kati ya hizo inafika mupaka hapa kwetu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1973, tribinali ya juu ya Marekani ilisema mwanamuke ana haki ya kutosha mimba. Wale wenye hawakukubali hawakuwa na nguvu ya kuvunja hukumu ile siku zile. Wakatafuta njia ingine: kufunga sanduku. Mwisho wa mwaka ule ule, senateri Jesse Helms wa North Carolina akapitisha sheria kwamba feza ya msaada yenye Marekani inatuma mu inchi za inje haitalipa kutosha mimba kama njia ya kupanga uzazi. Mwaka 1976, depite Henry Hyde wa Illinois akapitisha ingine ya ndani ya inchi: Medicaid, ile asiransi ya Leta yenye kutunza maskini, isilipe kutosha mimba. Muda mrefu ilikubali tu kama maisha ya mama iko mu hatari. Toka 1993 wakaongeza mimba ya ubakaji na mimba ya ndugu wa damu. Hiyo ya Hyde inarudishwa kila mwaka mu bajeti. Muangalie ginsi ilivyo: si sheria ya kufunga watu mu gereza, ni musitari mumoja mu kitabu cha feza.

Ninamuheshimu Hyde kwa kitu kimoja: hakuficha. Mwaka 1977 alisema mbele ya wadepite wenzake kwamba, kama sheria ingemuruhusu, angependa kuzuia kila mwanamuke, tajiri, wa katikati na maskini. Lakini chombo chenye kilikuwa mu mikono yake kilikuwa tu sheria ya feza ya Medicaid. Ni kusema, alijua tajiri atapita. Maskini ndiye alikuwa fasi kamba inafika.

Mwaka ule ule 1977, mu muji wa McAllen, Texas, mwanamuke kijana mwenye mutoto mumoja, mwenye alikuwa angali anasoma, alikufa. Alikuwa na kadi ya Medicaid mu mukono. Kadi ilikuwa haiwezi tena kulipa muganga, akaenda fasi ya bei ya chini, ugonjwa ukaingia mu damu. Kati yake na binti wa kamarade wetu kuna bahari na miaka karibu 50. Njia ni ile ile.

Watu wakapeleka mambo ku tribinali. Mwaka 1980, wahakimu 5 juu ya 4 wakasema sheria ya Hyde ni nzuri. Waliongea hivi: Leta isimutilie mwanamuke kizuizi mu njia, lakini haiko na deni ya kutosha kizuizi chenye haikutia, na umaskini wake si Leta iliumba. Wandugu wa migodi, maneno haya tunayajua. Patron anatuambia vile vile: haki ya kutunzwa uko nayo, hakuna mutu anakukataza kwenda hospitali, lakini feza ya kulipa si mambo yangu. Haki yenye haina feza ni kama kofia ya mugodi yenye haina taa. Unaivaa, unashuka chini, hauone kitu.

Sasa turudie kwetu.

Watu wengi wanazani Kongo inakataza kutosha mimba mu kila hali. Kode penal inasema kweli mwanamuke mwenye kutosha mimba anaweza kupewa kifungo cha miaka 5 mupaka 10. Lakini inchi yetu iliingia mu Protokole ya Maputo, na mwaka 2018 ikaitangaza mu Journal officiel. Kifungu cha 14 cha Protokole kinakubali kutosha mimba kwa waganga kama mwanamuke alibakwa, kama ni mimba ya ndugu wa damu, kama mimba inaleta hatari ku afya ya mwili ao ya akili ya mama, ao ku maisha ya mama ao ya mimba. Na Katiba yetu, kifungu cha 215, inasema mapatano ya namna ile, kisha kutangazwa, yako juu ya sheria ya kawaida. Basi binti wa miaka 16 mwenye alibakwa Kolwezi alikuwa na haki yake ku kartasi. Mama wa kituo cha afya hakumudanganya.

Kilicho kosa ni dawa na vyombo. Na sababu moja ya kukosa ni hii: kwa miaka mingi tuliachia wageni mambo ya afya ya wanawake. Mufazili wa kwanza wa misaada mu Kongo alikuwa Marekani. Feza yake iliokoa watu wengi, nisiwe mutu asiye na shukrani. Lakini ilikuja na kamba ya Helms. Ile sheria inasema «kama njia ya kupanga uzazi». Mutu wa akili anaweza kusema ubakaji haumo. Hata vile, serikali za Marekani, za upande huu na za upande ule, ziliifuata kama inakataza yote, hata kwa mwanamuke mwenye alibakwa mu vita ya Kivu. Na muone ajabu hii: feza ile ilikuwa inaweza kulipa matunzo ya mwanamuke mwenye kutoka damu kisha kujaribu mwenyewe, lakini haiwezi kulipa muganga mbele damu haijatoka. Ni sawasawa na sanduku letu. Tulikataa kujua mbele, tukalipa nyuma.

Juu ya hiyo kuko kamba ya pili. Toka 1984, kila mara upande moja unashika utawala kule Washington, shirika la inje lenye kupokea feza ya Marekani linapashwa kuahidi halitafanya wala kutetea kutosha mimba, hata na feza ingine yenye si ya Marekani. Upande wa pili ukishika, kamba inafunguliwa. Ilifunguliwa 1993, ikafungwa 2001, ikafunguliwa 2009, ikafungwa 2017, ikafunguliwa 2021, ikafungwa tena mwezi wa kwanza wa 2025. Na siku zile zile za 2025, wakati Goma ilikuwa inaanguka mu mikono ya M23, msaada wenyewe ulisimamishwa, na tarehe 1 mwezi wa saba USAID ikafunga milango. Wakubwa wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Tumeona kwa macho.

Sasa nimujibu kamarade.

Neno lake la zamiri si la kucheka. Mutu akiamini kwamba mimba ni mutu, kulipa kunamuumiza, na mimi sitaki mutu yeyote, muganga ao mutunzaji, alazimishwe kwa mikono yake mwenyewe. Lakini sanduku la wote si mufuko wa mutu mumoja. Mu sendika, tukipiga kura ya mugomo, franka ya mwenye alikataa mugomo inaingia pia mu chakula cha wenye kugoma. Mutu mwenye hapendi vita analipa kodi, na kodi inanunua risasi. Kama kila mumoja akitosha franka yake ku kitu chenye hakipendi, hakuna sanduku tena, hakuna sendika, hakuna inchi. Zamiri inaongea mu mukutano, inapiga kura, inaweza hata kushinda. Haiwezi kuondoka na funguo.

Tena, kamarade, kunyima feza hakukutoshe mu mambo. Unazani mikono yako iko safi sababu haukulipa mbele. Lakini ulilipa nyuma: kitanda, damu, upasuaji. Ulilipa mingi zaidi, na mutoto akalipa kizazi chake. Na binti wa mukubwa, yeye alipanda ndege, ao alienda ku kliniki yenye mulango haunaandikwa kitu, akarudia ku masomo juma yenye kufuata. Sheria haikumuona.

Wengine wananiambia: «Delege, ku maternite hakuna hata gant, wamama wanafungiwa pale juu ya deni ya kuzala, na weye unaleta hii?» Ni kweli tupu. Lakini ni mulango moja, si milango mbili. Misoprostol, ile dawa yenye wanatumia kutosha mimba, ndiyo pia inasimamisha damu ya mama mwenye ametoka kuzala. Kile chombo kidogo cha kuvuta kwa mukono ndicho kinasafisha mama mwenye mimba yake ilianguka yenyewe, mwenye alikuwa anaitamani sana. Kituo chenye kukosa vitu hivi juu ya binti mwenye alibakwa kinavikosa pia juu ya bibi yako. Na mwaka 2023 serikali ilianza kulipia kuzala, Kinshasa kwanza. Basi tukitaka, feza inapatikana.

Hata Marekani inatufundisha hapa. Feza ya Washington ikikatala, majimbo zingine kama California na New York zinalipa na feza yao yenyewe. Hazikungoja Hyde ageuze roho.

Ninaomba vitu vitatu. Cha kwanza, ku wadepite wetu: kikao cha mwezi wa tisa ndicho cha bajeti. Mutie mule musitari wa dawa na vyombo vya Protokole ya Maputo, kwa feza ya Kongo. Copper na cobalt zinatoka hapa kila siku mu makamio. Musituambie inchi haina kitu. Cha pili, ku wapatron: Kode ya kazi ya 2002 inawaamuru kutunza mutumishi na jamaa yake. Mutu wa sutretansi ni mutumishi. Kontra ya miezi tatu haimufanye kuwa jiwe.

Cha tatu, ku sisi wenyewe. Ku mukutano wenye kuya nitaleta neno hili mbele ya wote: sanduku lilipe mbele, si nyuma, mu hali zile zenye Journal officiel iliandika, na lisilipe inje ya hizo. Kamarade wangu atasimama tena kukatala, na nitamupa neno wa kwanza. Najua mambo haya yanaweza kunitosha ku kiti cha delege. Kura itapigwa kwa mikono, mbele ya watu, na baba wa mutoto ule atakuwa amekaa mule ndani.