Nani Kasema Nimepumua?

Kila mwezi wa Septemba kuna maneno yanayonichosha. Mtu akishampeleka mwanawe chuo kikuu, akarudi na gari tupu, hupigiwa simu na jamaa: "Hongera, shoga! Sasa umepumua, mdomo mmoja umepungua." Hongera haijapoa, unafuata mchango wa harusi, maana aliyepumua ana nafasi.

Nasema bila kumung'unya: hayo ni maneno ya watu wasiopiga hesabu. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Tuanze jikoni. Nyumba ya watu watano wakibaki wanne, mchele hupungua kweli. Lakini kodi ya nyumba ni ile ile, na gesi ya kupasha nyumba joto haijui nani kaondoka. Tena posho ya mtoto hukatwa. Kwa viwango vya 2025/26, nyumba yenye watoto watatu ikitoa mmoja hupoteza £17.25 kila wiki. Ulichookoa kwenye mchele kimekwenda na hiyo.

Hilo dogo. Kubwa ni mkopo wa kujikimu. Hapa England, mwanafunzi anayeishi mbali na kwao, nje ya London, mwaka 2025/26 anaweza kukopeshwa mpaka £10,544. Lakini kiasi chote hicho ni cha mtoto ambaye pato la nyumba yao halizidi £25,000, mpaka ambao haujasogezwa tangu 2008. Pato likifika £45,000, mkopo hushuka hadi kama £7,500. Na £45,000 si utajiri. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini kilikuwa £12.21 kwa saa. Mume na mke wanaofanya kazi kwa kima hicho, saa 35 kwa wiki kila mmoja, wanakaribia £44,400 kabla ya kodi. Yaani mfagiaji na mlezi wa wazee!

Hizo £3,000 zilizopungua nani atazitoa? Serikali inakutegemea wewe mzazi, £250 kila mwezi. Ila barua ya mkopo huja kwa jina la mtoto, nayo haikuandikii wewe kwamba unadaiwa. Na wale wasiogusa mkopo kwa kuogopa riba wana ada juu yake, £9,535 kwa mwaka huo. Utaratibu usio na riba uliofunguliwa njia na sheria ya 2017 ulikuwa haujaanza hata mwaka 2025 ulipokwisha.

Mwanangu wa kwanza aliondoka 2018. Kila Jumapili alipiga simu: "Mimi mzima, mama, usijali." Nami sikujali. Mwaka ule nilitoa £300 za sare na mchango wa harusi ya binti wa rafiki, na fedha za nyumbani nilituma kama kawaida. Nilikuja kujua kwamba anapanga mizigo ghalani usiku, siku nne kwa wiki, pale alipoambiwa arudie mwaka. Nikamuuliza, kwa nini hukusema? Akanijibu, "Mama, niliona bahasha za michango mezani. Nikajua zamu yangu haijafika."

Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina.

Najua nitaambiwa nimekuwa Mzungu, nataka tuwatupe wazee. Hasha! Mama mzazi aliyeko Tanga anayemeza dawa za presha asikatiwe hata senti. Ninachokipinga ni sare ya tatu kwa harusi moja, na ukumbi wa watu mia nne ambao nusu yao hawamjui bwana harusi. Tunachangia sherehe ya siku moja kwa sauti, jina linasomwa. Miaka mitatu ya mtoto chuoni tunamwachia mwenyewe, kimya kimya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Binti yangu alipoondoka 2023, tulikaa mezani tangu Januari, kalamu mkononi: kodi ya chumba, nauli, chakula, vitabu. Tukaona pengo, tukaligawa, naye akajua mapema ni kiasi gani atakipata kwetu na kipi atajitafutia. Kisha nikawapigia ndugu zangu nikawatajia pengo hilo kwa pauni. Kaka yangu mkubwa alinyamaza kidogo, akasema, "Dada, kumbe! Sisi tulidhani umepumua."

Basi akina mama wenzangu, upatu tunaujua tangu kwa bibi zetu. Watu kumi wakitoa £50 kila mwezi ni £500 kwa mpokeaji. Zamu ya Septemba tuiweke kwa nyumba inayotoa mwanafunzi, kabla ya harusi na kabla ya safari. Atakayeona aibu kuiomba, aikumbuke bahasha ile mezani.