UCHAMBUZI: Mawakili wafungua maktaba mitandaoni, ila mwananchi angali gizani

KWA miaka mingi wakili nchini Kenya hakuruhusiwa kujinadi. Kanuni za utendakazi za mawakili za mwaka wa 1966 zilimkataza kutafuta wateja kwa matangazo. Sifa zake zilitarajiwa kuenezwa na kazi yake mahakamani na vinywa vya aliowahudumia. Kizuri chajiuza, ndivyo ilivyoaminika.

Leo hii mambo yamebadilika. Anayefungua tovuti ya kampuni kubwa ya mawakili jijini Nairobi hakuti tu majina ya washirika na picha zao wakiwa wamevalia suti. Hukuta pia kona maalumu zilizopangwa kwa mada: kodi, ajira, kawi, ulinzi wa data. Katika kila kona mna makala, mihtasari ya hukumu, majibu ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mialiko ya semina.

Mtindo huu ulishika kasi hasa mwaka wa 2020, janga la Covid-19 lilipozuka. Kuanzia London na New York hadi Nairobi, kampuni za mawakili ziliharakisha kukusanya mahali pamoja maelezo kuhusu mikataba isiyoweza kutekelezwa, mishahara iliyopunguzwa na wafanyakazi waliotumwa nyumbani. Waajiri waliotatizika walipata mwongozo bila kulipa hata senti moja.

Hata hivyo, ukarimu huo una hesabu zake. Mitambo ya kutafuta habari mtandaoni huelekea kuipa uzito tovuti yenye kurasa nyingi za kuaminika kuhusu jambo moja, tena zilizounganishwa vyema. Meneja anayetafuta maana ya sheria mpya hufikishwa kwenye kona hiyo, husoma, kisha huacha anwani yake ya baruapepe ili apokee habari zaidi. Siku kampuni yake itakaposhtakiwa, jina la kwanza litakalomjia akilini ni la waliomwelimisha. Chini ya kila makala huwa pameandikwa kwamba maelezo hayo si ushauri wa kisheria. Anayetaka ushauri sharti abishe hodi na kulipa.

Hakuna ubaya katika hilo. Mawakili ni wafanyabiashara kama wengine. Linalofaa kuchunguzwa ni sababu iliyowafungulia mlango.

Mnamo 2012, marehemu Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliamua, katika kesi iliyowasilishwa na Okenyo Omwansa George na mwenzake, kwamba marufuku ya jumla dhidi ya matangazo ya mawakili ilikiuka Katiba. Hoja kuu ilikuwa haki ya mwananchi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma hizo. Mwaka wa 2014, kanuni mpya zikaruhusu matangazo kwa masharti.

Kwa maneno mengine, mlango ulifunguliwa kwa jina la mnyonge. Je, ni nani aliyepita?

Kona nyingi za tovuti hizo huelekezwa kwa mwekezaji, benki na mwajiri, tena kwa Kiingereza kizito. Mjane anayepokonywa shamba na mashemeji hapati kona yake. Mkulima aliyenunua ekari mbili za shamba haelezwi kwamba mauzo ya ardhi ya kilimo huwa batili bila kibali cha bodi ya ardhi, na kwamba ombi la kibali hicho linapaswa kuwasilishwa katika muda wa miezi sita baada ya mapatano. Mwajiri huelezwa kwa kina namna ya kupunguza wafanyakazi. Kibarua naye hajui kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inampa notisi ya mwezi mmoja na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia.

Lipo pia tatizo la makala kuchakaa. Mnamo Julai 31, 2024, Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 yote. Mnamo Oktoba 29 mwaka uo huo, Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo. Ukurasa ulioandikwa Agosti na kuachwa bila kurekebishwa ungali unaweza kumpotosha anayeusoma leo, hasa usipokuwa na tarehe. Mwenye wakili wake atapiga simu kuuliza. Asiye naye ataamini alichosoma.

Watetezi wa mawakili watasema kuwaelimisha wananchi ni kazi ya serikali. Wana hoja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilibuni taasisi ya kitaifa ya kazi hiyo, na Baraza la Kitaifa la Uchapishaji wa Sheria huweka hukumu na sheria mtandaoni bila malipo. Lakini kupewa hukumu ya kurasa 80 si sawa na kuielewa. Stadi ya kuifupisha kwa lugha nyepesi ndiyo ambayo kampuni hizi zimejijengea kwa ajili ya wateja wao matajiri.

Chama cha Mawakili Nchini (LSK) kinaweza kuanzia hapo. Kinaweza kutaka kila makala iwe na tarehe, na iliyopitwa na wakati iondolewe au irekebishwe. Kinaweza pia kuzihimiza kampuni kubwa ziwe na angalau kona moja kwa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, kuhusu ardhi, urithi, kodi ya nyumba na mshahara.

Gharama yake ni ndogo, kwani waandishi na tovuti tayari zipo. Bila hatua hiyo, haki iliyopiganiwa mahakamani kwa niaba ya mtumiaji wa kawaida itabaki kuwanufaisha wale ambao hawakuwahi kukosa wakili.