Saini kwanza, pesa baadaye? Mafundi wa Marekani wasipoangalia wanalizwa

Leo tuweke siasa pembeni, tuongelee mshiko. Kuna washkaji kibao majuu wanaofanya kazi za ujenzi, na wengine wameshaanza kuchukua tenda ndogo ndogo wenyewe. Hii inawahusu.

Kule Marekani fundi akijenga nyumba ya mtu asilipwe, sheria inampa meno: anasajili dai lake juu ya jengo lenyewe. Hapo mwenye nyumba hauzi kirahisi mpaka deni liishe. Safi sana.

Sasa mwenye nyumba naye ana hofu yake. Anaweza kumlipa mkandarasi, mkandarasi akala zote, halafu fundi wa bomba akaibuka na dai lake. Atalipa mara mbili! Ndo maana kabla ya kutoa pesa anataka karatasi ya kuachia dai. Mpaka hapo hakuna ubaya.

Ubaya uko kwenye aina ya karatasi. Zipo mbili. Ya kwanza ina sharti: naachia dai langu IKIWA tu pesa itaingia. Ya pili haina sharti: nimeachia, basi. Ukisaini hii ya pili halafu cheki ikadunda, imekula kwako.

Kila jimbo lina utaratibu wake. California imeweka fomu nne ndani ya sheria: mbili za malipo ya awamu, mbili za malipo ya mwisho, na kila jozi ina ya sharti na isiyo na sharti. Ile isiyo na sharti inabeba onyo kabisa kwamba itakubana hata kama hujalipwa. Texas nao wana fomu za lazima tangu 2012, na bosi haruhusiwi kukudai ile isiyo na sharti kabla hujapokea pesa halali. New York, kuachia dai mapema kabla ya kulipwa ni batili.

Halafu njoo Georgia. Pale ukisaini, kalenda inaanza kuhesabu. Zikipita siku 90 hujasajili kiapo kwamba hujalipwa, unahesabika umelipwa. Kabla ya 2021 zilikuwa siku 60 tu! Mabadiliko hayo angalau yameweka wazi kwamba unapoteza dai juu ya jengo tu, deni lenyewe bado unaweza kulidai. Lakini kumfukuzia mtu mahakamani bila kushika kitu chake, mnajua wenyewe.

Kwa mtazamo wangu Texas na California wamepatia, kwa sababu mzigo wamembebesha mwenye pesa. Georgia wamembebesha fundi, ambaye siku hizo 90 yuko juu ya paa anapiga misumari, anaambiwa "kesho njoo". Hana mwanasheria, na kiapo chenyewe pengine hajawahi kukisikia.

Tena majimbo mengi hayana fomu maalum kabisa. Huko bosi anajiandikia anachotaka, na kwa fundi mwenye Kiingereza cha kuungaunga hiyo ni hatari tupu.

Ushauri wangu: hujaona pesa, saini ile ya sharti tu. Bosi akikomaa anataka nyingine, mwambie aweke kwanza mshiko.

Nawasilisha. Wadau mlioko huko mnasemaje, yameshawakuta?